Faradhi ya Kijiji kwa Walio Hai

Mauti yanapoingia katika kijiji cha mwambao, hapana mtu anayengojea kualikwa. Kabla ya jua kupanda vijana wamekwisha kushika majembe na kuelekea mavani, wazee wameketi mkekani kupima sanda, wanawake wameinjika masufuria na kugawana kazi ya kupika na ya kuwaliwaza wafiwa, na mwenye duka, ambaye jana alikataa kukopesha kibaba cha mchele, leo anatoa gunia zima bila ya kuandika daftarini. Wanazuoni wameiita kazi hii faradhi ya kifaya, yaani faradhi iliyowekwa juu ya jamii nzima kwa pamoja, ambayo wakiitimiza baadhi ya watu mpaka ikatosha wengine wote husalimika na lawama, lakini isipotimizwa na yeyote dhambi yake humshukia kila mmoja, mwenye elimu na asiye nayo, tajiri na fukara. Wakristo wa vijiji vya bara, ambao hawana istilahi hii, wanayo ada ile ile, na pengine wanaishika kwa ukali zaidi, maana asiyekwenda kuzika kwa jirani hutozwa faini ama huachwa peke yake siku ya msiba wake.

Katika kijiji hicho hicho, nyumba ya tatu kutoka msikitini au kanisani, yumkini yupo mtoto wa miaka minane ambaye hajapata kuvuka kizingiti cha chumba cha ndani ila kwa mgongo wa mama yake, ambaye hakuandikishwa shule, na ambaye kadi yake ya kliniki ilikoma kujazwa siku ile watu walipoanza kunong'ona kwamba shingo yake haikazi. Siku atakapofariki, jeneza lake litagombewa na watu ambao hawajapata kumbeba yeye. Sisemi haya kwa kejeli. Nayasema kwa sababu yanaondoa mapema hoja ya kutojiweza: kijiji kinachoweza kukusanya mikono, chakula, fedha na wakati kwa muda wa saa chache, pasipo amri ya serikali wala msaada wa wafadhili, hakiwezi kudai kwamba hakina nguvu. Linalobaki ni swali la dhamiri, nalo ndilo ninalotaka kulipeleleza: je, kumsaidia mwenye ulemavu, na kumkinga asiye nao asiupate kwa sababu inayozuilika, ni fadhila ambayo mtu akipenda huitenda na asipopenda huiacha, au ni deni ambalo kijiji kizima kinadaiwa?

Jibu linalotangulia barazani aghalabu ni kwamba yote haya ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Sina ugomvi na itikadi hiyo, wala simwoni mja mwenye haki ya kuwapokonya wenye taabu faraja wanayoipata kwayo. Ugomvi wangu ni juu ya kazi inayopewa. Mauti nayo ni kudra, tena ni kudra isiyo na shaka kuliko zote, wala hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba kwa kuwa mauti ni kudra basi maiti aachwe pale alipolala. Bali kwa sababu ni kudra ndipo kila mtu anapojua wajibu wake. Iweje basi neno lile lile liwe mwito wa kazi mlangoni mwa mfu, na liwe ruhusa ya kustarehe mlangoni mwa aliye hai?

Isitoshe, kudra hutwishwa mizigo isiyo yake. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wengi wa wilaya ya Tarime, katika mkoa wa Mara, walishikwa na maradhi ya ghafula ya miguu. Mtu aliyekuwa akilima na kuteka maji alijikuta, kwa muda usiozidi siku moja au chache, miguu imekakamaa, magoti yanagongana, hawezi kwenda ila kwa vidole na fimbo, na wengine hawakuweza kwenda kabisa. Waliopatwa zaidi walikuwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Maradhi hayo huitwa konzo, kwa jina lililotoka Kongo, ambako tabibu mmoja aliyaeleza katika maandishi mwaka 1938. Hayazidi baada ya kuingia, lakini hayaponi pia. Mwanzoni mwa karne hii yakazuka katika vijiji vya Mtwara. Mtu akiuliza sababu wakati ule, alijibiwa kwa majibu ya kale: uchawi wa jirani, laana ya wazee, au mapenzi ya Mungu.

Sababu ilikuwa chunguni. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na wazee wetu, ambao hawakujua jina la sumu hiyo, walijua vema namna ya kuifukuza: kumenya, kuloweka kwa siku kadhaa au kuvundika, kuanika juani mpaka makopa yakauke, kisha kutwanga. Lakini ukame huzidisha uchungu wa muhogo, na njaa haingoji siku kadhaa. Mama mwenye watoto wanaolia hupunguza siku za kuloweka, na siku za kuanika, mpaka unga unaofika chunguni unakuwa na sumu ambayo mwili ungeweza kuitoa lau ungalipata samaki, nyama au maharage ya kuusaidia, navyo havipo kwa sababu ile ile ya ukame. Sasa tuulizane kwa insafu: katika msururu huu, kudra iko wapi? Mvua hatuiamrishi. Lakini ghala tupu, bei ya maharage, barabara isiyoleta chakula kwa wakati, shamba lililouzwa ili kulipa deni, na elimu iliyokaa katika vitabu vya matabibu bila ya kutelemka hadi jikoni, katika kila kimoja cha hivi upo mkono wa mwanadamu, na anayesema mapenzi ya Mungu bila ya kuutazama mkono huo amemsingizia Mola wake.

Na dawa ya kujikinga ni rahisi kiasi cha kutia haya. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, ukatandazwa katika tabaka jembamba juu ya ungo au mkeka, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hugeuka hewa ikaenda zake, na jioni hiyo hiyo ugali hupikwa. Hapana mashine, hapana fedha, hapana tabibu. Wanawake wa Mtwara wamefundishwa njia hii, na wa vijiji vya Kongo pia. Mtu anayetaka kujua elimu ya siha ni nini, mbali na mabango ya ukutani na hotuba za wageni waliokuja na gari, asiende mbali zaidi ya hapa: ni maarifa yanayoingia katika kazi ambayo mtu angeifanya kwa vyovyote, yakiletwa na mtu anayeaminiwa, kwa lugha ya nyumbani, kabla ya madhara. Ila elimu hiyo, pamoja na uzuri wake wote, haimnyooshi miguu yule aliyekwisha kupatwa. Yeye anadai kitu kingine, yaani fimbo zinazomfaa, baiskeli ya magurudumu matatu, nafasi shuleni, mume asiyemkimbia. Kinga na auni ni madeni mawili, wala kulipa la kwanza hakufuti la pili.

Kabla ya kuendelea ni lazima niseme juu ya shaka ile ya laana, kwa kuwa ndiyo inayoufunga mlango wa chumba cha ndani. Imesimuliwa katika Injili ya Yohana kwamba wanafunzi wa Isa walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza mwalimu wao ni nani aliyetenda dhambi, yeye mwenyewe au wazazi wake. Naye akazikataa sehemu zote mbili za swali, kisha akafanya tope, akaanza kazi. Wahubiri wetu hupenda sana mwujiza uliofuata, na ni haki yao, lakini mimi naona kwamba jambo ambalo kijiji chochote kinaweza kuliiga leo ni lile la kwanza, yaani kulikataa swali. Maana swali lenyewe lina madhara. Mama akituhumiwa kwamba alivunja mwiko au alitoka nje ya ndoa, baba hupata kisingizio cha kuondoka. Mama aliyeachwa humficha mtoto. Mtoto aliyefichwa hapati chanjo, homa yake haijulikani mpaka imekuwa degedege, na udhaifu uliokuwa wa viungo tu huwa wa mwili mzima. Ndivyo tuhuma inavyozaa maradhi. Katika Kanda ya Ziwa, ushirikina umewahi kufika hatua ya kuwaua watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao, na habari hizo zilitangazwa duniani kote, kama ilivyopasa. Lakini jua, linalowapa wengi wao saratani ya ngozi wangali vijana, halitangazwi, ingawa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi, ambayo yamekuwa yakitengenezwa mahsusi kwa ajili yao katika hospitali ya KCMC huko Moshi, yangeliwaongezea wengi wao miaka ya kuishi.

Wapo watakaosema kwamba Waswahili hawana haja ya mawaidha haya, kwani methali yetu inatosha: hujafa hujaumbika. Methali hii naiheshimu, nayo imezuia dhihaka nyingi. Hata hivyo, ukiitazama kwa makini, inamhurumia jirani kwa kumtishia mwenye kuhurumu: usimcheke, nawe yaweza kukupata. Huruma iliyosimama juu ya hofu ya nafsi hutosha kuufunga mdomo, lakini haimwinui mtu kwenda kuchukua zege na kutengeneza njia ya kiti cha magurudumu mbele ya zahanati. Kwa kazi ya namna hiyo twahitaji msingi mwingine.

Msingi huo nauona katika habari za sahaba mmoja asiyeona, Abdullahi bin Ummi Maktum. Wengi wanamjua kwa Sura ya themanini, ambayo yaeleza jinsi Mtume alivyokunja uso alipokatizwa naye wakati akizungumza na wakubwa wa Makureshi, naye Mtume akatiwa adabu na Mola wake kwa ajili ya kipofu huyo. Kisa hicho kinatosha kuonyesha cheo cha mtu huyu, lakini si hicho kinachonishughulisha zaidi. Katika Madina Ibn Ummi Maktum alikuwa mwadhini pamoja na Bilali, na katika mwezi wa Ramadhani Bilali aliadhini usiku ungalipo, ilhali adhana ya alfajiri, ile ambayo watu wakiisikia huacha kula, ilikuwa ya Ibn Ummi Maktum. Yataka kutafakari. Kazi ya kuutangazia mji kuchomoza kwa alfajiri ilikabidhiwa mtu asiyeweza kuiona alfajiri, na imepokewa kwamba hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Sauti ilikuwa yake na dhamana ilikuwa yake. Macho yalikuwa ya majirani, na hapana aliyeona kwamba kuazima macho kunapunguza cheo cha mwadhini. Mji mzima uliliacha tonge mkononi kwa neno lake.

Imepokewa pia kwamba kipofu mmoja, ambaye wapokezi wengine wamemtaja kuwa ni yeye, alimwomba Mtume ruhusa ya kusali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza, akapewa. Alipogeuka aliitwa, akaulizwa kama anaisikia adhana, akajibu kuwa anaisikia, akaambiwa basi aiitike. Wanavyuoni wamehitilafiana katika hukumu inayotoka hapo, nami si mahali pangu kuwaamua. Kwa mtazamo wa haraka jawabu lile laonekana gumu. Lakini lina heshima ambayo huruma zetu nyingi hazina, maana kumsamehe mtu kila wajibu ni njia ya upole ya kumtoa katika hesabu ya watu. Tena, ikiwa yeye ni lazima afike, basi njia nayo haina budi kupitika, na jirani anayepita mlangoni pake akienda msikitini hawezi tena kusema kwamba habari ya kumshika mkono haimhusu. Wajibu aliowekewa asiyeona uliwafunga na wanaoona. Hapo ndipo ninapoona faradhi ya kifaya ikizaliwa: mtu mmoja amehesabiwa kuwa mtu kamili, na jamii nzima ikawa na deni.

Sadaka ya Ijumaa haina nguvu hiyo. Anayeketi mlangoni mwa msikiti na bakuli lake hutupatia sisi thawabu, nasi humpatia sarafu, na biashara hiyo yaweza kuendelea miaka arubaini bila ya mtu kuuliza kwa nini hakufundishwa ushoni. Wakale walilijua hili. Khalifa Al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala tangu mwaka 705 hadi 715, yaandikwa katika tarehe kwamba aliwapa wenye ukoma posho na kuwakataza kuombaomba, akampa kila asiyeweza kwenda mtumishi na kila asiyeona kiongozi. Hakuyatoa hayo mfukoni mwake kwa jamala, aliyatoa katika hazina ya umma. Zama zetu zimeyaandika yale yale kwa wino mwingine. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010, sheria inayotaka kamati za watu wenye ulemavu ziwepo mpaka ngazi ya kijiji. Na katika mapato ya ndani ya kila halmashauri, sehemu 2 kwa kila 100 zimetengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa ajili yao. Mwenye kutaka kupima dhamiri ya kijiji chake aulize kamati hiyo ilikutana lini.

Juu ya njia kupitika kipo kisa cha Injili nyingine, ya Marko, cha mtu aliyepooza aliyebebwa na watu wanne mpaka nyumba aliyokuwamo Isa, wakakuta mlango umejaa watu, wakapanda, wakaitoboa dari, wakamshusha kwa kitanda chake. Nimesikia hotuba nyingi juu ya mgonjwa yule na chache mno juu ya ile dari. Wale wanne hawakumwambia mwenzao asubiri mpaka watu wapungue, wala umati haukupata akili ya kujipangua na kumpisha. Nyumba ilibomolewa kidogo ili mtu aingie, na mwandishi anasema kwamba imani iliyotazamwa ilikuwa ya wao, wabebaji. Zahanati zetu ngapi zina ngazi tatu mlangoni, choo ambacho mlango wake haupitishi hata gongo, na kitanda cha kuzalia kirefu kiasi kwamba mwanamke asiyesimama hukipanda kwa kubebwa na watu asiowajua, akiwa uchi? Mwanamke huyo akijifungulia nyumbani mara ya pili, muuguzi humwandika kuwa ni mkaidi.

Nakubali kwamba fundisho la faradhi ya kifaya lina upenyo, na watu wameuona. Maadamu baadhi wakitenda wengine husalimika, basi kila kijiji kimempata mtu wa kutenda, naye ni mama. Yeye humlisha, humwogesha, humgeuza usiku asipate vidonda, humbeba mpaka bodaboda na kutoka bodaboda mpaka foleni, na sisi wengine, tukiona kwamba mtoto bado anaishi, twajihesabu kuwa tumesalimika. Lakini sharti la faradhi hii ni kutosha, na mtu mmoja hachimbi kaburi, hakoshi, hakafini, hasalii na haziki peke yake pasiwe na aibu juu ya mji. Mgongo wa mama una mwisho wake, na mtoto huongezeka uzito kila mwaka. Zamu ya jirani ya kumkalia mtoto asubuhi moja kwa juma, ili mama alime au alale, haihitaji mfadhili. Mazoezi ya viungo ambayo mtaalamu wa utengamao humfundisha mama mmoja yaweza kufundishwa shangazi wawili na kaka mmoja kwa siku ile ile. Kwa nini kaka hafundishwi sijapata kuelezwa.

Limebaki jambo moja zito, nalo wenye ulemavu wenyewe hulisema kwa uchungu kuliko yote. Elimu ya kinga, isipotumiwa kwa staha, humfanya mtu aliye hai kuwa onyo. Mhamasishaji husimama mbele ya mkutano akawaambia kina mama wawapeleke watoto kuchanjwa matone ya polio wasije wakawa kama fulani, na fulani ameketi pale pale, safu ya nyuma, na magongo yake. Je, yawezekana kuzuia ulemavu kwa bidii zote na wakati huo huo kumheshimu mwenye nao kama kiumbe kisichopungua kitu mbele ya Muumba wake? Naona yawezekana, na Madina ni ushahidi: hapana aliyewaombea watoto wa mji ule upofu kwa sababu mwadhini wao haoni, wala hapana aliyetaka mwadhini mwingine. Kinachochukiwa ni sumu, ni ukosefu wa chanjo, ni uzazi wa shida usio na mkunga. Mtu hayumo katika orodha hiyo. Na aliye bora wa kuieleza tofauti hiyo mkutanoni ni yule wa safu ya nyuma, kama atapewa nafasi ya mbele na posho ile ile.

Katika kadhia ya mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopindia ndani, jambo linalotokea kwa takriban mtoto 1 katika kila 1,000, mambo haya yote hukutana. Tiba iliyoasisiwa na Dakta Ignacio Ponseti huko Marekani, na inayotolewa nchini Tanzania na hospitali ya CCBRT miongoni mwa nyingine, haina ukubwa: mguu hunyooshwa kwa mkono, ukafungwa plasta, plasta ikabadilishwa kila juma kwa majuma machache, kano ya kisigino ikakatwa kidogo, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, usiku na mchana kwa miezi mitatu ya kwanza, na baada ya hapo wakati wa kulala tu mpaka afikie umri wa miaka 4. Mikono ya tabibu humaliza sehemu yake mapema. Miaka inayobaki imo mikononi mwa kijiji, kwa maana miguu hurejea kupinda hasa pale viatu vile vinapoachwa kuvaliwa, na mama huviacha nauli ya kwenda kubadilisha vilivyombana mtoto inapokosekana, au mkwe anapomwuliza kila jioni kwa nini anamfunga mjukuu wake pingu, au jirani anapopita na kusema kwamba mtoto aliyeumbwa hivyo na Mungu aachwe alivyo.